Wiki tatu Ulaya na wenzako: Roma, Lisbon au Praha?

Kwa safari ya siku nne hakuna haja ya kuumiza kichwa. Chagua mji wowote kati ya hii mitatu, zunguka, piga picha, rudi. Ugumu unaanza pale kundi linapoamua kukaa: wiki tatu au mwezi mzima, mji mmoja, nyumba moja ya kupanga, watu wanne hadi sita ambao hawatembei kwa kasi moja wala hawapendi chakula kimoja. Yale majengo ya lazima mtayamaliza wiki ya kwanza. Baada ya hapo mnaishi: kupanda ngazi na mifuko ya sokoni, kungoja basi, kubishana jioni mkakae wapi. Mji unaofaa kwa likizo ya namna hiyo huenda si ule wenye jina kubwa zaidi.

Nitaitazama miji yote mitatu kwa vigezo vilevile: miguu, makazi, chakula, mambo ya kale, ibada, safari za kutwa, kisha msimu na fedha. Uzuri sikuuweka, maana yote ni mizuri. Na katika kila kigezo namfikiria kwanza mwenzenu mwenye mwendo wa polepole kuliko wote: mama mwenye magoti yanayouma, mtoto wa miaka mitano, au yule rafiki anayechoka na makumbusho baada ya nusu saa. Yeye akiridhika, kundi zima linatulia.

Kabla ya mji, viza

Italia, Ureno na Jamhuri ya Cheki zote zimo ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo masharti hayatofautiani: siku zisizozidi 90 katika kipindi chochote cha siku 180, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, ada ya yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto aliyetimiza miaka 6 lakini hajafika 12. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasicheleweshwe hadi zikabaki chini ya siku 15.

Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba mkichagua mji mmekwisha kuchagua ubalozi, na si kila ubalozi uko karibu nanyi. Ulizeni hilo mapema, kabla hamjaanza kutumiana picha za madaraja. Jambo la pili ni zito zaidi: kila mmoja anaomba kivyake na anajibiwa kivyake. Mwenzenu mmoja akinyimwa, wengine mnaenda? Jibu lipatikane kabla ya kulipia nyumba, na nyumba yenyewe iwe ile inayoweza kufutwa bila kupoteza fedha.

Kuhusu ndege, Emirates, Qatar na Turkish zinafika miji yote mitatu kwa kubadilisha njiani, na Ethiopian inaruka kutoka Addis Ababa hadi Roma.

Miguu

Hapa ndipo makundi mengi yanapovunjika, kwa hiyo tusipite haraka.

Mji wa kale wa Roma sehemu kubwa ni tambarare, lakini barabara zake zimetandazwa vijiwe vya mraba, sampietrini, ambavyo ni adui wa magurudumu ya sanduku na ya kigari cha mtoto. Metro inaukwepa moyo wa mji, maana kila wakichimba wanakutana na magofu. Kwenda Pantheon au Piazza Navona utategemea basi au miguu, na mabasi ya Roma yana tabia ya kuja pale yanapojisikia. Tiketi ya kawaida ni yuro 1.50 kwa dakika 100. Kinachoiokoa Roma ni kwamba pa kupumzika pako kila mahali: kona kwa kona kuna kanisa lenye kivuli na viti, na chemchemi za chuma za mitaani hutoa maji baridi ya kunywa bila malipo. Bebeni chupa.

Lisbon ni vilima. Wenyeji wanavihesabu saba. Magoti yanahesabu zaidi. Njia za miguu zimepambwa kwa vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na vizazi vya viatu, na mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Tramu namba 28, ile ya kwenye kila picha, huwa imeshona watu, na wachomozi wa mifukoni wanaijua vizuri. Mwenye shida ya kupanda atumie basi namba 737 kufika ngome ya São Jorge, au 734 kwenda Graça. Na anayetaka tu raha ya tramu ya zamani apande namba 24. Kigari cha mlimani cha Glória msikiweke kwenye mipango: kilisimamishwa baada ya ajali ya Septemba 2025 iliyoua watu 16. Lakini Lisbon si ngazi tupu. Baixa iliyo katikati ya mji, ukingo wa mto Tagus wa upande wa mji na mtaa wa Belém ni tambarare, na kundi linaweza kugawanyika asubuhi, wapandaji juu na wengine chini, mkakutana mchana.

Kwa Praha sina mengi ya kulalamika. Tramu zinafika karibu kila mahali, zinakuja kwa wakati, na zinaendelea usiku kucha. Mlima pekee wa kuhangaikia ni wa ikulu, na dawa yake inajulikana: pandeni tramu namba 22 hadi juu, ingieni kwa mlango wa nyuma, kisha mshuke kwa miguu kuelekea mtoni.

Makazi

Ushauri mmoja unafaa kote: msikae katikati kabisa. Kwa siku tatu inapendeza; kwa wiki tatu mtachoka na kelele za walevi wa chini ya dirisha na maduka yanayouza sumaku za friji tu.

Roma, angalieni Testaccio, San Giovanni au Garbatella, ambako kuna masoko ya kweli na wazee wanaocheza karata. Trastevere ni mtaa mzuri, ila vijana huimba pale hadi usiku wa manane. Lisbon, kwa wenye magoti, ni Campo de Ourique au Alvalade. Alfama inavutia kwa vichochoro vyake, lakini gari haliingii sehemu nyingi na nyumba nyingi za zamani hazina lifti. Swali la kwanza kwa mwenye nyumba liwe ghorofa ya ngapi. Praha, Vinohrady ina miti na mikahawa, na Karlín iko tambarare kando ya mto.

Italia na Ureno zinataka nyumba za kupangisha kwa muda mfupi ziwe na namba ya usajili. Mwenye nyumba asiyeitaja, achaneni naye, kwa sababu mtahitaji uthibitisho wa makazi kwenye maombi ya viza. Kuna pia kodi ya wageni kwa kila kichwa kwa kila usiku: Lisbon ni yuro 4 kwa usiku 7 wa kwanza, Praha ni koruna 50, na Roma inategemea aina ya makazi lakini hukoma baada ya usiku 10. Kwa wanaokaa muda mrefu, huo ukomo wa Lisbon na Roma ni nafuu ya kweli.

Chakula

Roma inakula kwa saa. Mkitokea mgahawani saa kumi na mbili jioni na watoto wenye njaa mtakuta viti vimepinduliwa. Chakula cha usiku kinaanza saa moja na nusu au mbili. Katikati ya hapo kuna pizza ya kukatwa kwa mkasi na kupimwa kwenye mizani, na supplì, yaani mpira wa wali uliokaangwa ukiwa na jibini ndani. Wasiokula nguruwe wawe macho: carbonara na amatriciana zote zina nyama ya shavu la nguruwe, wakati cacio e pepe haina. Njia rahisi ni kwenda Ghetto, mtaa wa kale wa Wayahudi, ambako migahawa ya kosher haina nguruwe kabisa na artichoki zao za kukaanga zina sifa mji mzima. Zingatieni tu kwamba hufunga Ijumaa jioni na Jumamosi mchana. Kwa kupika nyumbani, soko la Esquilino karibu na stesheni ya Termini lina bamia, mihogo, ndizi za kupika na pilipili. Mitaa ya jirani ina migahawa ya Waeritrea na Waethiopia, na baada ya wiki mbili za tambi, injera huliwa kwa shukrani.

Lisbon ndiyo inayompokea mlaji wa Pwani bila maelezo mengi. Samaki wa kuchoma, pweza, wali wa vyakula vya baharini, kuku wa pilipili. Sambusa ziko kwenye kabati la kioo la mikahawa mingi, zikiitwa chamuças. Zilifika kupitia Goa na Msumbiji. Kuna cachupa ya Cape Verde na muamba ya Angola. Mchana tafuteni sahani ya siku, prato do dia, ambayo ni chakula kamili kwa bei ya wenyeji. Mkate na zeituni zinazoletwa mezani bila kuagizwa si zawadi: mkizila mtalipa, mkizikataa hakuna atakayenuna.

Praha ni kwa wapenda nyama, mchuzi mzito na madonge ya unga wa ngano yanayoitwa knedlíky, ambayo mla ugali atayaelewa haraka. Svíčková ni ng'ombe kwenye mchuzi wa mboga na krimu. Mapishi mengine mengi ni nguruwe, na mafuta yake hupita hata pale usipoiona nyama. Wokovu ni Wavietnamu, ambao wako wengi na wanapika vizuri kila mtaa. Wana soko lao kubwa, Sapa, kusini mwa mji, ambalo ni safari ya nusu siku peke yake. Majiko ya Praha hufungwa mapema kuliko ya Roma na Lisbon, kwa hiyo wenye kuchelewa watalala na njaa.

Mambo ya kale

Roma ina tabaka juu ya tabaka. Colosseum ilizinduliwa mwaka 80. Pantheon iliyopo leo ni ya zama za Kaisari Hadrian, karibu mwaka 126, na kuba lake lenye upana wa mita 43 halijapitwa na kuba lolote la zege lisilotiwa vyuma. Faida ya kukaa muda mrefu ni kurudi: nendeni siku ya jua, kisha siku ya mvua, mwone maji yakishuka kupitia tundu la juu hadi sakafuni. Kwenye kanisa la San Luigi dei Francesi kuna michoro mitatu ya Caravaggio, bila kiingilio. Makumbusho ya serikali nayo ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, ingawa foleni hukumbusha hilo. Tiketi za Colosseum hufunguliwa siku 30 kabla na hubeba majina, basi mmoja wenu anunue za wote akiwa na majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Mkipita karibu na Circus Maximus, mbele ya jengo la FAO, simameni kidogo: hapo ndipo Mussolini alipoisimamisha nguzo ya Aksum mwaka 1937, na hapo ikakaa mpaka ilipoondolewa mwaka 2003, ikarudishwa Ethiopia mwaka 2005.

Lisbon ya kale ni ndogo zaidi, kwa sababu tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, pamoja na mawimbi na moto uliofuata, liliangusha sehemu kubwa ya mji. Baixa yenye mitaa iliyonyooka ni mji uliopangwa upya baada ya hapo. Kilichosalia Belém kinatuhusu moja kwa moja. Ndani ya monasteri ya Jerónimos kuna kaburi la Vasco da Gama, aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Na nje ya Belém, kwenye jumba la makumbusho la Museu Nacional de Arte Antiga, kuna monstransi ya dhahabu, yaani chombo cha kanisani cha kuonyeshea Ekaristi, iliyokamilika mwaka 1506, iliyotengenezwa kwa dhahabu ya kodi aliyotozwa sultani wa Kilwa. Hakuna kelele kuihusu, watalii wengi hata hawaifikii. Kama kundi lenu lina mtu wa Kilwa, Lindi au Mafia, mbele ya kioo hicho hatataka kuharakishwa.

Praha haikubomolewa vibaya na vita vya karne ya 20, kwa hiyo unachokiona ni mji mzima, si mabaki. Daraja la Charles lilianza kujengwa mwaka 1357 na lina sanamu 30. Lipitieni alfajiri, maana ikifika saa nne asubuhi hamtaona mawe kwa wingi wa watu. Kanisa kuu la Vitus Mtakatifu lilianza 1344 na likamalizika 1929. Saa ya mnajimu ya mwaka 1410 ina maonyesho mafupi ambayo kwa maoni yangu yanasifiwa kupita kiasi, ila watoto wanayapenda. Mwenye kupenda muziki ataifurahia Praha kuliko miji mingine miwili: Estates Theatre, ambako Mozart aliongoza Don Giovanni kwa mara ya kwanza mwaka 1787, bado inafanya kazi. Na yapo majina ya Kiafrika katika historia ya karibuni ya mji huu: kati ya 1961 na 1974 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Novemba 17, kilichoanzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Huenda mna mjomba aliyesoma huko.

Ibada

Kwa Wakatoliki Roma haihitaji kunadiwa. Kuingia Basilika ya Mtakatifu Petro ni bure, hapo ndipo Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na tiketi za kumsikiliza Papa siku ya Jumatano hazilipiwi. Lakini miji mingine nayo ina chake. Mtakatifu Antoni wa Padua alizaliwa Lisbon, na usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni mji mzima huchoma dagaa wakubwa barabarani kwa ajili yake. Sanamu ya Mtoto Yesu wa Praha, ambayo picha yake iko kwenye nyumba nyingi kwetu, iko kwenye kanisa moja la mtaa wa Malá Strana, dakika chache kutoka Daraja la Charles.

Kwa Waislamu, msikiti mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995, ni miongoni mwa mikubwa zaidi Ulaya, ila uko kaskazini, mbali na katikati. Wa Lisbon uko karibu na metro. Waismailia wana kituo chao Lisbon, na Imamu wao, Aga Khan wa Nne, alifariki katika mji huo Februari 2025. Praha ina misikiti michache, na Ijumaa itataka mipango.

Safari za kutwa

Roma: Ostia Antica kwa tiketi ya kawaida ya mjini, Orvieto, au Napoli kwa treni ya kasi. Lisbon: Sintra dakika 40 kwa treni, Cascais vivyo hivyo, na kivuko cha Cacilhas kwa anayetaka upepo tu. Praha: Kutná Hora, au hata Dresden ng'ambo ya mpaka, kwa zaidi kidogo ya saa mbili.

Msimu na fedha

Julai na Agosti Roma inachoma, na karibu na tarehe 15 Agosti maduka mengi ya mitaani hufungwa wenyeji wakikimbilia baharini. Lisbon hupata upepo wa Atlantiki, lakini Januari nyumba zake nyingi hazina joto la kutosha, na mtu wa Dar atavaa koti ndani. Praha nyumba zina joto, nje ndiko kuna barafu, na Desemba jua huzama saa kumi alasiri. Aprili, Mei, Septemba na Oktoba hazina lawama popote.

Kifedha, Praha huwa nafuu kwa usafiri na chakula cha mchana, lakini inatumia koruna. Vibanda vya kubadilisha fedha vya katikati ya mji vina viwango vya kuumiza; tumieni mashine ya benki, na ikiwauliza kama mnataka hesabu kwa sarafu ya kwenu, kataeni. Lisbon imepanda sana kwa kodi za nyumba. Roma ni ghali katikati, ila burudani yake kubwa, makanisa na viwanja, hailipiwi.

Kwa hali yenu

Mkiwa na wazazi wazee au kigari cha mtoto, na hamsafiri wakati wa baridi kali, Praha itawapa ugomvi mdogo zaidi. Kama wazee hao ni Wakatoliki, hesabu inabadilika: Roma, kwa kukaa San Giovanni na kutenga fedha za teksi.

Marafiki wa rika moja wenye miguu mizuri, wanaopenda samaki na kukaa nje hadi usiku, waende Lisbon. Kundi la Waislamu wanaotaka kula bila kuuliza kila sahani watapata raha Lisbon kwanza, Roma pili.

Kundi lenye mtu mmoja mpenda historia na wengine wasioijali liende Roma, kwa sababu yeye atapotea kwenye magofu kutwa nzima na wengine watakuwa na viwanja vya kukaa bila kumngoja kwa hasira. Wapenda muziki, na wale wanaopata likizo Desemba pekee, wafikirie Praha.

Na mkigawanyika nusu kwa nusu kati ya miji miwili, gawaneni wiki badala ya kugombana, bora kusiwe na zaidi ya kuhama mara moja. Ila hesabuni usiku: viza inaombwa kwa nchi yenye usiku mwingi zaidi, na zikilingana, inaombwa kwa ile mtakayoingia kwanza.